Binti naye apandishwe farasi

Tangu fedha za korosho za msimu uliopita zilipoingia mikononi mwa wakulima, kamati yetu imekuwa ikipokea swali ambalo wazee waliotutangulia katika kazi hii hawakuwahi kuulizwa. Familia kadhaa za Nachingwea na Ruangwa ziliitumia likizo ya Desemba kuvuka bahari hadi Unguja. Zilifika Nungwi na Kendwa, na huko zikakuta farasi waliokwisha kutandikwa, saisi wao pembeni, tayari kumchukua mgeni ufukweni kwa malipo. Waliporejea, wakatuuliza: je, jambo hili linatufaa sisi Waislamu, au ni kuiga anasa za watalii? Na je, mke na binti nao wapande?

Swali hilo la mwisho ndilo lililotushikisha kalamu. Baba mmoja wa Ruangwa, mtu mwema asiyekosa safu ya Alfajiri, alitueleza kuwa aliwalipia vijana wake wawili, akapanda na yeye, na binti yake wa miaka kumi na miwili akabaki mchangani amewashikia viatu. Mkewe alipomuuliza sababu, alijibu kuwa farasi si mnyama wa wanawake. Binti hakutamka neno mpaka walipofika bandarini. Baba yule alitaka tumthibitishie kwamba alifanya sawa, nasi hatukuweza.

Hatukuweza kwa sababu hoja yake haina mahali pa kuegemea. Katika Surat An-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu amewataja farasi, baghala na punda kuwa Amewaumba ili tuwapande na wawe pambo. Neno hilo la pambo halikuwekwa hapo bure. Mna ruhusa ndani yake ya kufurahia uzuri wa mnyama, wala haikuandikwa kwamba furaha hiyo ni ya wanaume peke yao. Imamu Bukhari amepokea kuwa Mtume (S.A.W) aliwashindanisha farasi pale Madina, na Abdullah bin Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Hayo wengi huyakumbuka. Lililo chini ya hilo katika kitabu hicho hicho husahauliwa: wakati wa kurejea kutoka Khaybar, Mtume (S.A.W) alichutama kando ya ngamia wake, akaliweka goti lake, na Bibi Safiyya akakanyaga juu ya goti lile ili apande. Kiongozi wa umma mzima, mbele ya jeshi lake, akawa kipandio cha mkewe. Sisi tunaona tabu hata kumshikia mke mkoba anapopanda basi la Masasi!

Tukitaka mfano wa karibu zaidi na pwani yetu, upo. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini kidogo ya mji wa Zanzibar. Katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 ameeleza jinsi watoto wa kasri, wa kiume na wa kike, walivyofunzwa kupanda wangali wadogo. Wavulana walipewa farasi, na wasichana wakapewa punda weupe wakubwa wa Muskati, wanyama wa thamani ambao si kila tajiri aliweza kuwamiliki. Lamu nako, ambako vichochoro vya mji mkongwe havipitishi gari, punda ndiye mchukuzi wa mizigo na abiria mpaka leo, na mashindano ya punda yamo katika shamrashamra za Maulidi. Kupanda mnyama kando ya bahari, basi, si jambo lililoletwa na ndege za watalii. Lilikuwapo, nasi watu wa bara ya kusini ndio ambao halikutufikia.

Na lipo la kueleza kwa nini halikutufikia, maana vijana hudhani ni umaskini tu. Adui alikuwa mbung'o. Mapori yanayoanzia kwetu na kupita Liwale hadi kwenye mbuga kubwa za wanyama ni makazi yake, na vijidudu anavyobeba humletea farasi ugonjwa wa nagana, ambao ni ndugu wa malale kwa binadamu. Farasi akishaupata hukonda, damu hupungua, na asipotibiwa hufa. Upo na ugonjwa mwingine unaoenezwa na visubi, ambao pundamilia hubeba bila kudhurika sana lakini farasi humwangusha kwa siku chache. Ndiyo maana farasi wa nchi yetu utawakuta zaidi kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama kandokando ya Kilimanjaro, au visiwani, na si Nachingwea. Hata Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga hapa kwetu mwaka 1947, walikuja na matrekta na reli ya kwenda Mtwara. Reli hiyo nayo iling'olewa baadaye, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Aliyejaribu kupita kusini kwetu na wanyama alikuwa David Livingstone. Alishukia Mikindani mwezi Machi 1866 akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka Bara Hindi, baghala na punda, akikusudia pamoja na mengine kupima ni wanyama gani wangestahimili mbung'o. Walipofuata njia ya Ruvuma, wanyama wale walikufa mmoja baada ya mwingine. Lakini jaribio lenyewe liliharibika, kwa sababu askari wa Kihindi aliowakabidhi walikuwa wakiwatwika kupita kiasi na kuwapiga mpaka wakatoka vidonda, naye mwenyewe akashindwa kutofautisha kilichouawa na mdudu na kilichouawa na fimbo. Kila tunapopita Mikindani tukaiona ile hori iliyotulia, tunawakumbuka wale ngamia.

Hapo ndipo tunapotaka wasomaji wetu watulie, kwani mjadala wa nani apande umetusahaulisha anayepandwa. Abu Daud amepokea habari ya ngamia aliyekuwa katika bustani ya Ansari mmoja. Ngamia yule alipomwona Mtume (S.A.W) alitoa sauti ya huzuni na macho yake yakatiririka machozi, Mtume akampangusa mpaka akatulia, kisha akamwita mwenyewe na kumkanya kwa kumtia njaa na kumchosha. Mteja anayelipa kwa saa naye ni mshirika katika jambo hilo. Saisi hufanya kazi kwa mshahara, tajiri wa zizi hutafuta faida, na fedha inayomwondosha mnyama kivulini saa saba mchana ni ile inayotoka mfukoni mwetu.

Wenzetu wa Ugiriki wamelazimika kulitungia sheria jambo hili. Katika kisiwa cha Santorini wageni hupandishwa kwa punda na baghala kwenye mamia ya ngazi, kutoka bandari ya zamani hadi mji wa Fira. Baada ya kelele nyingi kuhusu migongo iliyochubuka, mwaka 2018 serikali ilitoa agizo kwamba mnyama asibebeshwe zaidi ya kilo 100, au zaidi ya moja ya tano ya uzito wake mwenyewe. Hesabu hiyo yafaa hata kwetu. Farasi wa kilo 400 asichukue zaidi ya kilo 80, na ndani ya hizo mna tandiko. Baba mwenye kilo 95 hana njia ya kuikwepa hesabu hii, hata akiwa amelipa mara mbili. Atafute mazizi yenye farasi mkubwa zaidi, au atembee kwa miguu pembeni ya watoto wake, jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo bora zaidi.

Kabla ya kutoa fedha, mwenye familia aombe kumwona mnyama akiwa hana tandiko. Mgongo uwe mzima, usio na donda wala manyoya yaliyonyonyoka pale tandiko linapokaa. Mbavu zisihesabike. Kwato zisiwe zimepasuka, na maji ya kunywa yawepo karibu. Aulize farasi yule ameshatoka mara ngapi siku hiyo. Mazizi yenye heshima hayakasiriki kwa maswali haya. Nayo huanza kwa kumuuliza mgeni uzito wake na kama aliwahi kupanda. Pasipoulizwa lolote, tunashauri familia iendelee na matembezi yake.

Safari yenyewe haina vitisho. Waongozaji huwatoa watu asubuhi au jioni, jua likiwa limepoa, na hungoja maji yapwe, kwa kuwa wakati huo ufukwe huwa mpana na mchanga uliolowa huwa mgumu, hauchoshi miguu ya farasi kama mchanga mkavu. Mpandaji huvikwa kofia ngumu. Hupanda kwa upande wa kushoto, mara nyingi akitumia ngazi fupi au jiwe, akatia ncha tu ya mguu katika kikuku, si mguu mzima, ili akianguka asiburutwe. Dua ya kupanda kipando ni ile ile tunayoisoma kwenye basi, iliyomo katika Surat Az-Zukhruf, na pengine mtoto ataifahamu vizuri zaidi hapo kuliko alivyoifahamu madrasa, anapohisi chini yake kiumbe chenye nguvu kumshinda mara kumi kikimtii. Mwongozaji hutangulia, asiyejua kitu farasi wake hushikwa kamba na saisi anayetembea kwa miguu, na mwendo huwa wa hatua kwa hatua mpaka majini. Kwenye mteremko mtu huegemea nyuma kidogo. Hatamu hazivutwi kwa nguvu, kwani lijamu imo kinywani mwa mnyama nayo huumiza.

Ama kuhusu mama na mabinti, shaka ya sitara ni ya haki, na jibu lake ni maandalizi, si kuwaacha mchangani. Suruali pana na ndefu ivaliwe chini ya gauni lenye mpasuo au upana wa kutosha kukalia tandiko. Mtandio ufungwe mfupi na ncha zake zichomekwe ndani, kwa sababu ncha inayopepea humshtua farasi na huweza kunasa. Viatu viwe vya kufunika mguu, vyenye kisigino kifupi. Kuhusu saisi mwanamume, kuna ngazi ya kupandia, hivyo hana haja ya kumgusa mpandaji. Kazi yake ni kushika kamba mbele. Anayestahiki kusimama pembeni na kutoa mkono, na hata goti, ni baba, kaka au mume. Kama ni safari ya jioni, wapange warudi kabla ya Magharibi, wasije wakaisali mbio mbio na mchanga mwilini.

Tumeambiwa pia kwamba fedha hiyo ni israfu. Kwa mtu anayedaiwa salfa ya mikorosho, au aliyekatisha ada ya mwanawe, ni israfu kweli, na safari nzima ya Unguja ni israfu kwake. Huyo Lindi inamtosha, bahari ni ile ile na mchanga hauna kiingilio. Lakini tumewaona wanaume wa wilaya hizi mbili wakinunua pikipiki ya tatu baada ya mnada, pasipo yeyote kutamka neno israfu. Imamu Muslim amepokea kuwa Mtume (S.A.W) alitaja dinari ambazo mja huzitoa katika njia mbalimbali za heri, kisha akaiweka ile anayowatolea watu wa nyumbani kwake kuwa yenye ujira mkubwa zaidi. Wapo wake miongoni mwetu waliozaa watoto watano na hawajawahi kuiona bahari, ilhali waume zao wameiona kila mwaka wakifuatilia malipo na vipuri. Hilo linatusumbua zaidi kuliko suala la farasi.

Kwa hiyo kamati imeanza kuandikisha familia kwa ajili ya likizo ijayo ya Desemba. Wale wa Ruangwa na wa Nachingwea watakutana Nanganga, tupite Mtama na Mnazi Mmoja, tulale Dar es Salaam, na asubuhi tupande boti. Nungwi ni kama kilomita 60 kutoka mjini Unguja. Fomu ipo kwa katibu baada ya Sala ya Alasiri, nayo ina mstari kwa kila anayetaka kupanda farasi, wanawake na watoto pia. Mzazi asiwajazie kwa kukisia. Kila mmoja ajibu mwenyewe. Ipo na nafasi ya kuandika uzito, kwa kuwa mazizi yatauliza. Wasiojua uzito wao wasione haya kupita kwenye ghala la ushirika siku isiyo na mnada. Mizani ya korosho inapima watu vizuri tu, na mpimaji ameahidi kutotangaza.