Mchawi Asiyetaka Uchawi, na Jirani Asiyebisha Hodi



Jumamosi moja jioni, baada ya wiki ya mitihani, mafrateri kadhaa tulikaa ukumbini tukatazama sinema ya Marekani iitwayo Practical Magic. Ilitoka mwaka 1998, nayo imetokana na riwaya ya Alice Hoffman ya mwaka 1995. Ilipokwisha, mjadala ulikuwa mkali kuliko tulivyotarajia. Wengine wetu walisema frateri hana sababu ya kupoteza jioni nzima akitazama mapenzi ya wachawi. Wengine walisema ni hadithi tu, haina neno. Tumelala na kuamka na mjadala ule siku kadhaa, na sasa tunaona kwamba pande zote mbili tulikosa jambo lililo muhimu zaidi. Ndilo tunalotaka kuwashirikisha, wapendwa wasomaji.

Kwa ambao hawajaitazama, hadithi yenyewe ni hii. Wanawake wa ukoo wa Owens wanaishi kisiwani, katika jimbo la Massachusetts. Zamani sana bibi yao, Maria, alihukumiwa kunyongwa kwa uchawi, akaponea, akafukuziwa huko akiwa mjamzito. Mpenzi wake hakumfuata. Kwa uchungu Maria akatamka maneno ya kiuchawi ili moyo wake usipende tena, na maneno yale yakageuka laana: mwanamume yeyote atakayempenda mwanamke wa ukoo huo atakufa. Vizazi vingi baadaye yuko Sally, ambaye hataki lolote kati ya hayo. Anataka mume, watoto, duka lake dogo, na watu wa kumsalimu njiani. Anapata mume, mume anakufa. Yeye na ndugu yake Gillian walizomewa tangu utotoni, na sasa binti zake nao wanazomewa. Kisha anakuja mpelelezi kutoka Arizona, akimtafuta mwanamume katili aliyefia mikononi mwa ndugu hao wawili. Mpelelezi na Sally wanapendana, na hapo hofu ya laana inaanza upya.

Tuanze na lililo wazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116 na 2117, inakataa ramli za kila aina na uchawi wa kila aina, hata ule unaofanywa kwa nia ya kuponya. Hatuwezi kulainisha fundisho hilo kwa sababu mchawi wa sinemani ni mrembo na ana huzuni. Tena sinema yenyewe, bila kukusudia kuhubiri, inaunga mkono Katekisimu. Shangazi za Sally wanatumia uchawi ili apendane na mume wake wa kwanza, na mwisho wake ni jeneza. Mwanamke mmoja anakuja kwao usiku kutafuta dawa ya kumpata mume wa mwenzake, na Sally, akiwa bado mtoto, anayaona hayo na kuapa kwamba hatapenda kamwe. Sisi tunayo maneno yetu kwa biashara hiyo: limbwata, dawa ya mapenzi. Atafutaye limbwata hatafuti kupendwa, anatafuta kumfunga mwenzake. Wachumba wanaojiandaa kwa Sakramenti ya Ndoa wanajua kwamba ridhaa isiyo huru haifungi ndoa. Katika hilo sinema hii inaweza kumsaidia hata mwalimu wa mafundisho ya ndoa.

Lakini mjadala wetu uliishia hapo, kwenye swali kama uchawi ule unafaa kutazamwa. Hatukuuliza swali la pili: nani aliyemfanya Sally kuwa mchawi? Kabla hajatenda lolote, kijiji kilikwisha kumpa jina. Watu waliosita kumsalimu mchana ndio waliogonga mlango wa shangazi zake usiku.

Hoffman hakuichagua Massachusetts kwa bahati tu. Mwaka 1692, katika kijiji cha Salem kilichokuwa huko huko, wasichana wachache waliugua kwa namna isiyoeleweka, na watu wakaanza kutafuta mchawi. Wa kwanza kukamatwa walikuwa wanawake watatu: Tituba, mtumwa; Sarah Good, ombaomba; na Sarah Osborne, mgonjwa ambaye hakuonekana kanisani kwa muda mrefu na aliyekuwa na ugomvi wa urithi wa ardhi. Watatu hao hawakuwa na mtetezi. Baadaye moto ulifika hata kwa Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71 aliyejulikana kwa uchaji wake. Mahakama ilipokea kama ushahidi maono ya watu waliodai kuona vivuli vya washtakiwa vikiwatesa. Watu 19 walinyongwa, na mzee Giles Corey alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Hakuna hata mmoja wao aliyehitaji kuwa mchawi kweli. Ilitosha jirani aseme hivyo.

Tusiwanyoshee Waprotestanti wa Salem kidole. Karne mbili kabla yao, Heinrich Kramer, mtawa wa shirika la Wadominikani, aliandika kitabu cha kuwasaka wachawi kilichosomwa kote Ulaya na kuchochea mateso mengi. Lakini katika Kanisa hilo hilo alikuwepo Friedrich Spee, padre Mjesuiti wa Ujerumani. Mwaka 1631, katikati ya kesi za uchawi, alitoa kitabu bila kuweka jina lake, akionyesha kwamba mateso huweza kumfanya mtu yeyote akiri lolote. Aliwataka wakuu waone kwamba mahakama zao zilikuwa zinatengeneza wachawi, si kuwagundua. Alifariki mwaka 1635 huko Trier, kwa ugonjwa alioupata akiwahudumia askari wagonjwa. Tungependa kila jandokasisi alijue jina lake.

Sasa turudi nyumbani. Wasomaji wetu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji Salem ili kuelewa. Wanawajua akina bibi waliouawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho ni mekundu kwa moshi wa kuni na samadi walizopikia miaka hamsini. Wasomaji wa Kisii na Kilifi nchini Kenya wanayo majonzi yao, ya wazee waliochomwa moto au kukatwa. Mara nyingi nyuma yake kuna mganga wa ramli chonganishi aliyemtaja mtu, na nyuma ya mganga kuna shamba ambalo ndugu fulani amelitamani. Baba Mtakatifu Benedikto XVI aliligusa jambo hili katika homilia yake huko Luanda, Angola, tarehe 21 Machi 2009, alipowasikitikia watu wanaoishi kwa hofu ya mapepo kiasi cha kuwahukumu watoto wa mitaani na wazee kuwa ni wachawi. Aliwaalika waamini wawapelekee habari ya Kristo aliyeshinda nguvu zote za giza.

Kuna atakayetuuliza: kwa hiyo mnasema uchawi haupo, shetani hayupo? La. Kanisa halikani kuwepo kwa yule mwovu. Ndiyo maana lina ibada ya kupunga pepo, na sheria yake, kanuni ya 1172, hairuhusu padre kuifanya bila idhini ya wazi ya Askofu wake. Lakini ibada hiyo hupambana na pepo, haimtafuti jirani wa kulaumiwa. Mhubiri, wa Kanisa lolote, anayemwambia mgonjwa kwamba adui yake yuko upande wa mashariki wa nyumba na ni mwanamke mzee, amekwisha kupiga ramli, hata kama ameshika Biblia mkononi.

Hapa lazima tukiri kosa letu wenyewe. Katika mwaka wa uchungaji, baadhi yetu tulitumwa kwenye kigango kimoja cha mbali. Jumuiya Ndogondogo ya pale ilikuwa na ratiba ya kusali nyumba kwa nyumba. Tuliona kwamba kila zamu ya bibi mmoja mjane ilipofika, sala ilihamishiwa kwa mwingine: mara mvua, mara njia mbaya, mara bibi hana viti. Hakuna aliyetamka neno uchawi. Tulielewa, nasi tukanyamaza, kwa sababu tulikuwa wageni na tulitaka kupendwa. Bibi yule aliendelea kuja Misa ya Jumapili na kukaa benchi la mwisho, peke yake. Mwaka ulipokwisha tuliagwa kwa nyimbo na kuku, tukarudi seminarini. Hatukuwahi kubisha hodi kwake.

Tulipokuwa tukitazama mwisho wa sinema, ndiye aliyetujia akilini. Roho ya yule mwanamume katili imemwingia Gillian, na Sally peke yake hawezi kitu. Anafanya jambo aliloliogopa maisha yake yote: anawapigia simu wanawake wa kijiji, wale wale waliomtenga, na kuwaomba msaada. Nao wanakuja na mifagio yao, wanaingia katika nyumba ambayo hawakuwahi kuikanyaga. Wanayoyafanya humo ni uchawi, na hatuyapokei. Lakini kabla ya hayo walivuka kizingiti. Wakishaingia wanakuta jiko, watoto, na dada anayemlilia ndugu yake. Baada ya usiku ule Sally hana tena sababu ya kujificha.

Kama hadithi ya kubuni, iliyojaa uchawi, imeweza kuona kwamba mwanamke aliyetengwa anaokolewa na majirani wanaoingia kwake, sisi tuliopewa Injili tunangoja nini? Bwana wetu alikula nyumbani mwa watu ambao wengine walipita mbali na milango yao.

Tunapendekeza mambo machache, yasiyohitaji bajeti. Viongozi wa Jumuiya waiangalie ratiba ya sala na kujiuliza ni nyumba ya nani inayorukwa kila mara. Hiyo ndiyo iwe ya kwanza mwezi ujao. Maparoko na makatekista waseme waziwazi kwamba kwenda kupiga ramli ili kumjua aliyetuloga ni dhambi, na kwamba kumtaja jirani kuwa mchawi kunaweza kuwa hatua ya kwanza ya kumuua. Anayesikia njama dhidi ya mzee atoe taarifa mapema. Nasi mafrateri tujifunze kutonyamaza tungali wageni, kwa maana atakayenyamaza akiwa frateri atanyamaza pia akiwa paroko.

Mwezi Januari 1697, Samuel Sewall, mmoja wa mahakimu wa kesi za Salem, alisimama mbele ya waumini wenzake kanisani huko Boston wakati mchungaji akisoma ungamo lake. Alikubali kubeba lawama na aibu ya yale aliyoyafanya. Wafu hawakurudi, lakini aliisema kweli hadharani.

Sisi hatukumhukumu mtu kunyongwa. Tuliacha tu kubisha hodi. Wawili kati yetu wamekwisha kuomba ruhusa ya kwenda kwenye kigango kile wakati wa likizo ijayo. Tunaomba sala zenu, na tunaomba tumkute bibi yule angali hai.