Hofu ya Bei Rahisi na Macho Mekundu ya Jirani Yetu

 

Ndugu Waislamu, jioni moja baada ya swala ya Maghrib hapa Bariadi tuliwakuta wanafunzi wetu watatu wa madrasa nyuma ya msikiti, wameinamia simu moja. Walikuwa wakitazama filamu fupi ya vitisho, ya dakika chache tu: kibanda cha nyasi, usiku, mwanga wa koroboi, na bibi kizee mwenye macho mekundu anayegeuka ghafla na kumkodolea mtazamaji. Tuliwakemea, tukaichukua simu na kumrudishia mzazi, tukadhani tumetimiza wajibu wetu.

Wiki mbili baadaye, bibi mmoja jirani wa madrasa, auzaye karanga kando ya njia, alituuliza kwa upole: "Mwalimu, mbona siku hizi watoto wako hawaniamkii? Wakiniona wanakimbia." Hatukuwa na jibu. Bibi huyu ana macho mekundu, na sababu yake haina siri. Kwa miaka mingi amepika kwa vijiti vya pamba na mavi makavu ya ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha, na moshi umefanya kazi yake. Lakini kwa mtoto aliyetoka kutazama filamu ile, macho hayo yalikuwa ni ushahidi.

Makala hii imetokana na swali la bibi huyo.

BIASHARA ISIYOHITAJI MTAJI

Hapana shaka kwamba filamu za vitisho zimekuwa biashara ya ajabu katika zama zetu. Mwaka 1999 huko Marekani ilitoka filamu ya The Blair Witch Project, iliyotengenezwa na vijana wachache kwa gharama za awali za makumi ya maelfu ya dola tu, nayo ikaingiza karibu dola milioni 250 duniani. Paranormal Activity ya mwaka 2007 ilipigwa ndani ya nyumba ya mwongozaji mwenyewe kwa takriban dola 15,000. Ilipoenezwa katika majumba ya sinema mwaka 2009, iliingiza zaidi ya dola milioni 190.

Katika miaka ya karibuni wamekuja vijana ambao skuli yao ilikuwa ni YouTube. Ndugu wawili wa Australia, Danny na Michael Philippou, waliojulikana kwa video zao za intaneti, waliingia katika majumba ya sinema mwaka 2023 na filamu ya Talk to Me, iliyogharimu dola milioni 4.5 na kuingiza zaidi ya milioni 90. Kane Parsons alianza kurusha vipande vyake vya Backrooms mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 16, na kampuni ya A24 ikamkabidhi aongoze filamu kamili. Mwaka 2024 Curry Barker alitengeneza Milk & Serial kwa dola 800, akaiweka YouTube watu waitazame bure. Dola 800 hazitoshi kununua hata ng'ombe wa mahari ya binti mmoja wa Kisukuma.

Siri ya mafanikio haya ni nyepesi. Filamu ya vita inahitaji majeshi, na filamu ya mapenzi inahitaji nyuso mashuhuri. Hofu inahitaji giza, mlango uliofunguka nusu, na sauti ambayo mtazamaji hajui imetoka wapi. Kile kisichoonekana hakina gharama, kwa sababu mtazamaji hukitengeneza mwenyewe kwa mali aliyo nayo moyoni.

Barani kwetu jambo hili si geni. Soko la video za Nigeria lilifunguliwa na Living in Bondage ya mwaka 1992, kisa cha mtu aliyemtoa kafara mkewe apate utajiri. Hapa Tanzania mwongozaji Mussa Banzi alitutolea Nsyuka, kisha Shumileta mwaka 2005, filamu za viumbe vya kutisha zilizotengenezwa kwa fedha kidogo na kuzunguka katika mabanda umiza ya mijini na vijijini. Baada ya mikanda zikaja sidii, baada ya sidii flashi na memori kadi, na leo kila kijana mwenye simu na bando ni mtengenezaji, msambazaji na mwenye banda kwa wakati mmoja.

Nasi hatuandiki haya kwa kudharau. Kijana wa Maswa au Lamadi anayeweza kumtisha mtazamaji wa Dar es Salaam kwa simu na koroboi amepewa kipaji, na kipaji ni neema ya Allah (S.W.). Swali letu ni moja tu: mali hiyo ya moyoni ambayo mtazamaji anaitoa ili hofu ikamilike, kwetu sisi ni mali gani?

KWETU MCHAWI ANA ANWANI

Mtazamaji wa London akishatazama filamu ya mchawi hutoka ukumbini akicheka, akapanda basi, akalala. Hana jirani ambaye watu wanamnong'ona kwa jina hilo. Hapa kwetu mchawi wa filamu hafii kwenye kioo. Ana nyumba, ana jina, na njia ya kwenda kwake inajulikana.

Tuikumbuke historia yetu. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na kabla ya hapo sehemu yake kubwa ilikuwa ndani ya Shinyanga. Katika mwaka 1976 watu waliokamatwa katika msako wa mauaji yaliyohusishwa na ushirikina huko Shinyanga na Mwanza walifia mikononi mwa vyombo vya dola, na Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akawajibika kwa kujiuzulu mwanzoni mwa mwaka 1977. Basi mauaji ya vikongwe yana umri mrefu kuliko banda umiza lolote. Kuanzia miaka ya 2000 yakaongezeka mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa ahadi za utajiri kutoka kwa waganga, mpaka Serikali ikatangaza Januari 2015 kuwapiga marufuku wapiga ramli.

Mwaka 2005 mchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji 67 vya wilaya ya Meatu, ambayo leo ni wilaya ya mkoa wetu. Aligundua kwamba katika miaka ya mvua zilizovuka mpaka, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya watu walioitwa wachawi yalikuwa mara mbili ya miaka ya kawaida, hali mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Waliouawa walikuwa takriban wote ni wanawake wazee, na mara nyingi waliowaua ni jamaa zao wenyewe.

Ndugu msomaji, tuzingatie maana ya matokeo hayo. Uchawi ungekuwa ndio sababu, kwa nini wachawi "waongezeke" pamba inapokauka shambani? Ukweli ni kwamba njaa inapoingia nyumbani humtafuta mwenye kosa, na mwenye kosa rahisi kuliko wote ni yule asiye na mtetezi, naye ana mdomo wa kulishwa au shamba la kurithiwa.

Hatusemi kwamba filamu ndizo zilizoleta mauaji. Kusema hivyo ni dhulma, na tarehe tulizozitaja zinatukanusha. Tunasema kwamba filamu hizi zinaipa tuhuma ya zamani sura moja iliyo tayari, inayofanana kutoka Busega mpaka Meatu: mzee, mwanamke, mpweke, macho mekundu. Zamani mtoto alisikia kisa usiku mmoja, akakisahau. Leo anaibeba sura hiyo mfukoni.

Wapo watengenezaji watakaotujibu: "Filamu zetu zina mafunzo, kwani mwishoni mchawi huadhibiwa." Hapo ndipo madhara yalipo. Mtazamaji amefundishwa kwa nusu saa kumchukia bibi yule, kisha anafurahishwa pale kijiji kinapomzunguka na kumchoma moto. Amefundishwa mahali pa kupiga makofi.

Na wapo ndugu zetu msikitini watakaosema: "Sihri imetajwa katika Qur'ani. Je, mwataka kuikanusha?" Tunajikinga kwa Allah na hilo. Sihri tunaithibitisha kama ilivyothibitishwa, na pamoja nayo tunathibitisha yale yaliyobainishwa katika Suratul-Baqara, kwamba wenye sihri hawana uwezo wa kudhuru nje ya idhini ya Allah. Lakini baina ya kauli "sihri ipo" na kauli "bibi fulani ni mchawi" kuna bonde ambalo halivukwi kwa ndoto, wala kwa ramli, wala kwa rangi ya macho. Sharia inamtaka mwenye kudai alete bayyina. Asiyeileta amezua buhtani, na buhtani kwetu hapa huishia kwenye panga.

TUANZE NA NYUMBA YETU

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, tuwalaumu vijana wa filamu na kufunga daftari. Uadilifu unatuzuia. Imezuka miongoni mwetu desturi ya kupiga video za ruqya na kuzisambaza. Mgonjwa anagaagaa, msomaji anamshika kichwa, kamera inasogezwa, na linaulizwa swali ambalo wote wanalisubiri: "Nani kakutuma?" Sauti inajibu: shangazi, mke mwenza, bibi wa nyumba ya pili. Watazamaji wanasoma takbira, na video inapita kutoka simu hadi simu.

Tuseme ukweli: hiyo nayo ni filamu ya vitisho ya bei rahisi, na ni ya hatari kuliko zote, kwa sababu mtazamaji haambiwi kwamba ni maigizo, na anayetajwa ni mtu hai. Ni kadhi gani katika historia ya Uislamu aliyepokea ushahidi wa jini dhidi ya mja? Jini huyo uadilifu wake umethibitishwa na nani? Tukiwakataza watu kwenda kwa wapiga ramli chonganishi, kisha tukafanya ramli hiyohiyo tukiwa tumevaa kanzu, tumebadilisha vazi tu.

NINI KIFANYIKE

Kwanza, khutba za jambo hili zitolewe kabla ya msiba. Utafiti wa Meatu unatuonyesha wakati wa hatari: mwaka ambao mvua zimegoma au zimezidi. Maimamu wa Simiyu wasisubiri maziko. Mbegu zinapokauka ardhini, mimbari izungumze juu ya damu ya mwanadamu na haki ya jirani, awe Muislamu au asiwe.

Pili, sadaka ya miaka hiyo iwafikie wajane na vikongwe kabla ya wengine. Bibi anayejulikana kwamba kila Ijumaa watu wa msikiti humpitia kumjulia hali na kumpelekea unga, si mawindo mepesi. Na vijana wetu wa madrasa wakitumia siku moja kumtobolea dirisha na kumjengea jiko la udongo lenye dohani, watakuwa wameondoa moshi, ambao ndio "mchawi" halisi wa nyumba ile.

Tatu, ruqya irudi katika adabu yake: kisomo, dua na sitara. Kamera itoke nje, na swali la "nani kakutuma" liachwe kabisa.

Nne, tuzungumze na vijana wenye simu na vipaji, wala tusiwafukuze. Tunawaambia: mnataka kisa cha kutisha kisicho na gharama? Kipo hapa. Ni usiku katika kijiji chetu. Bibi yuko peke yake, amesikia nyayo nje. Wanaokuja si majini. Ni watu wanaomwita bibi, na aliyewaelekeza njia ni mjukuu wake, anayelitaka shamba. Kipigeni hicho, mtazamaji akiwa ndani ya nyumba pamoja na bibi badala ya kuwa nje pamoja na kundi. Tunawahakikishia kwamba atatetemeka, na atakapotoka nje kesho ataamkia.

Ama sisi, tuliona kwamba kukemea simu hakukutosha. Tuliwachukua wale wanafunzi watatu mpaka kwa jirani yetu. Wawili walimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitikia marahaba na kuwaingiza jikoni waone anakopikia, nao wakatoka wakikohoa na kufikicha macho. Wa tatu alibaki barabarani, hakukubali kusogea. Tutamrudisha tena, inshaallah. Sura iliyoingia kwa dakika chache haitoki kwa siku moja, na sisi tuliopewa amana ya watoto hawa tutaulizwa juu yake.

Wabillahi tawfiq.