Boma si la Mjerumani

Hapa kwetu Endagikot, nchi ya Wairaqw, mtu akikuambia anakwenda bomani, humwulizi ana ng'ombe wangapi. Unajua anafuata muhuri, au ameitwa shaurini. Neno la zizi ndilo tuliloipa ofisi ya serikali, na sidhani kama waliolianza walikosea: kote kuwili unaingia kwa kuhesabiwa.

Sasa ulizia jengo lolote kuukuu lenye kuta nene, mahali popote kaskazini hii. Jibu ni moja, kwa mwendesha bodaboda na kwa ofisa mwenye tai: "Hilo la Mjerumani." Linasemwa kama vile mwenyewe amesafiri tu, atarudi kuchukua funguo. Nasema ni uongo, tena uongo wa hasara.

Chukua Boma la Arusha. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Meru. Kapteni Kurt Johannes akaja na kisasi, watu wakauawa, mifugo ikaswagwa. Kufikia 1900 boma la mawe lilikuwa limesimama mjini. Walilisimamisha Waarusha na Wameru waliotolewa makwao kwa nguvu. Mjerumani alibeba ramani na kiboko. Mawe yalibebwa na wenyeji. Kama kujenga ndiko kumiliki, hati ya jengo lile inajulikana iandikwe majina ya akina nani.

Mwaka 1987 likawa Makumbusho ya Elimu Viumbe. Chumba kinachoeleza enzi za Mjerumani kimo, sikatai. Lakini tazama mantiki yake: nyumba iliyojengwa kwa shokoa inapotafutiwa kazi mpya, jibu linalopewa uzito ni viumbe. Mtoto wa Arumeru analipa kiingilio asome habari za wadudu ndani ya kuta ambazo huenda babu wa babu yake alizibebea mawe.

Sheria nayo inausaidia uongo huu. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Mjerumani alianza kuitawala Tanganyika 1885. Kwa hiyo boma lake, kanisa lake na gereza lake havina ulinzi mpaka waziri atangaze. Hapo ndipo "la Mjerumani" linapogeuka kuwa "la yeyote", na la yeyote hupata mwekezaji upesi.

Mtaniambia siku hizi wananchi wanashirikishwa. Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa kushirikishwa kuhusu jengo moja la namna hiyo, mkoani humu humu. Mchoro ulikuwa umeshabandikwa ukutani, wa rangi, na miti ambayo haipo. Daftari la mahudhurio lilipita mkono kwa mkono, soda zikafuata. Bibi mmoja aliyejifunika shuka, mkongojo kati ya magoti, akainuka akausogelea mchoro hadi pua ikaribie karatasi. Akauliza, "Mwanangu, mahabusu mmeiweka wapi?" Mtaalamu akatabasamu, akaonyesha kwa kalamu: pale sasa ni stoo ya mgahawa. Bibi akasema baba yake alilazwa mle siku kadhaa kwa kukosa kodi ya kichwa, na yeye, akiwa binti mdogo, alikuwa akimpelekea uji na kuupitisha dirishani. "Tumelipokea, mama," akajibiwa. "Litafanyiwa kazi." Kisha tukapigwa picha ya pamoja.

Yule bibi alikuwa na kitu ambacho hakuna mshauri mwelekezi angekipata kwa fedha yoyote: alijua dirisha gani lilipitisha bakuli. Hakuulizwa. Kwani aulizwe nini, kama jengo ni la Mjerumani? Mgeni kwenye nyumba ya mtu haulizwi kuhusu vyumba, anaonyeshwa tu.

Iringa walianza vizuri zaidi. Boma lao lilijengwa 1914 kama hospitali ya jeshi la Wajerumani, katika nchi ambayo Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliwapiga vita hadi alipojiua 1898. Likaja kuwa ofisi za serikali. Mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa, kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa. Ndani mna habari za watu wa mkoa wenyewe, mna duka la kazi za mikono. Fedha zilitoka Umoja wa Ulaya, na hilo linanikera kidogo, lakini anayeelezwa mle ni mwenyeji.

Na tusijidanganye kwamba tukiwa peke yetu tunahifadhi. Wairaqw walichimba tembe ubavuni mwa mlima, paa la udongo likaota majani hadi wavamizi wa Kimaasai wapite karibu wasijue chini kuna watu na ng'ombe. Leo mtu akitaka kukutukana anakuambia kwenu bado mnalala tembe. La Mjerumani tunaliita urithi kwa ajili ya watalii, la kwetu tunaliita umaskini. Mwenye akili ya namna hiyo hawezi kuitisha mkutano wa haki kuhusu jengo lolote.

Kuna wanaosema majengo hayo ni ya mateso, yavunjwe. Siwapingi kama wapingavyo wahifadhi wenzangu. Wakikaa wazee, wanawake na vijana wa mahali, mchoro wowote haujabandikwa, wakaelezana kilichotokea chumba kwa chumba, kisha wakaamua livunjwe, basi livunjwe. Nitakwenda na nyundo yangu. Ila kabla ya lori la mkandarasi kuwashwa, mtu asimame aulize mawe yanapelekwa wapi, na nani anayalipia. Yule bibi, nadhani, angeanza na dirisha.