Zawadi ya mkubwa siyo haki: tunadai nini kwa wachezaji waliotumikia nchi

Wandugu raia wa Runingu, Sange, Kiliba, Uvira na bonde yote ya Ruzizi,

Tarehe 16 Novemba 2025, kule Rabat, Leopards walitoa Nigeria kwa penalti mu mchujo wa Kombe la Dunia. Tangu ile usiku mwaka moja umerudi mu kinywa cha kila mtu: 1974. Wazee wanasema 1974, redio zinasema 1974, hata watoto ambao baba zao walikuwa hawajazaliwa wanasema 1974. Ni vizuri. Ule mwaka nchi yetu, iliyokuwa inaitwa Zaire, ilikuwa ya kwanza kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Lakini sisi vijana tuko na swali ingine: wale wachezaji ishirini na wawili waliobeba jina letu mpaka Ujerumani Magharibi, nchi iliwafanyia nini walipoacha mpira?

Tuanze na Ndaye Mulamba. Alizaliwa mwaka 1948 kule Luluabourg, muji tunaoita leo Kananga. Alicheza AS Vita Club, ile iliyochukua kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka 1973. Mwezi wa tatu 1974, kule Misri, alifunga magoli 9 mu Kombe la Afrika moja tu. Fainali ya kwanza na Zambia iliisha 2-2, ikarudiliwa, tukashinda 2-0. Magoli yote ine ya Zaire mu zile fainali mbili ni yeye aliyafunga. Hesabu wachezaji wote wakubwa waliopita Afrika tangu pale, wale wa Kamerun, wa Côte d'Ivoire, wa Misri, wa Senegal. Hakuna hata moja aliyefikisha magoli 9 mu kombe moja.

Miaka ishirini kisha, mwaka 1994, shirikisho la mpira la Afrika lilimwita Tunisia kumpa heshima. Aliporudi Kongo, watu wenye silaha walivamia nyumba yake, juu walifikiri amerudi na pesa. Walimpiga risasi mu mguu, na mtoto wake aliuawa. Mwaka 1996 akakimbilia Afrika ya Kusini sawa mukimbizi yeyote. Kule Cape Town aliishi mu mitaa ya maskini, akachunga magari ya watu mu maegesho.

Mwaka 1998, mu Kombe la Afrika kule Burkina Faso, habari ilitembea eti Ndaye amekufa. Uwanja ulisimama dakika moja ya kimya kwa heshima yake. Kumbe alikuwa muzima. Wandugu, fikirini kidogo pale: bara zima linasimama kulilia mtu, na mwenyewe yuko anatafuta ya kula mu nchi ya wengine. Alifariki kweli tarehe 26 Januari 2019, kule Johannesburg, akiwa na miaka 70.

Wa pili ni Mwepu Ilunga. Huyu dunia inamjua kwa sababu ya kumucheka. Mu mechi na Brazil, tarehe 22 Juni 1974, Wabrazil walikuwa wanataka kupiga mpira wa adhabu. Mwepu akatoka mu ukuta mbio, akaupiga ule mpira mbali. Mpaka leo inaonyeshwa mu televisheni za Ulaya: angalieni Waafrika, hata sheria za mpira hawazijui. Lakini Mwepu alikuwa ametwaa kombe la Afrika mara mbili, 1968 na 1974. Sheria alizijua kuliko wale wanaocheka. Yeye mwenyewe aliwaeleza wanahabari kwamba alifanya kwa kusudi, juu hakuona sababu ya kuumia uwanjani wakati wengine wamekaa juu wanangoja kula pesa.

Pesa gani? Hapa ndipo shina la mambo. Wachezaji walivyosimulia, walifika Ujerumani wakiwa wameahidiwa pesa. Kisha kufungwa 2-0 na Scotland, wakajua kwamba hakuna kitakachowafikia, kwamba wakubwa waliofuatana nao wameila. Wakataka kukataa kucheza mechi ya Yugoslavia. Waliposukumwa uwanjani, walifungwa 9-0. Mbele ya Brazil wakatishwa na watu wa Rais Mobutu: mukifungwa magoli ine, musirudi nyumbani. Walifungwa 3-0. Walirudi, na mfuko mutupu. Mwepu alisema baadaye kwamba kama angezaliwa upya, angejitahidi kuwa mulimaji. Alifariki Kinshasa mwaka 2015.

Sasa musikilize jambo ambalo watu mingi wanalisahau. Miezi mitatu tu mbele ya ile aibu, waliporudi na kombe kutoka Misri, Mobutu alikuwa amewapa kila moja nyumba na gari. Watu walipiga makofi. Walisema: huyu ni baba. Lakini zawadi inafuata roho ya mwenye kutoa. Mwezi wa tatu mukubwa amefurahi, anatoa gari. Mwezi wa sita mukubwa amekasirika, hatoi kitu, na anatisha. Wale wachezaji hawakuwa na karatasi ya kuonyesha, hawakuwa na syndicat ya kuwasemea, hawakuwa na mfuko wa uzee. Walikuwa na mapenzi ya mtu moja tu, na yale mapenzi yaliisha.

Ndio maana kichwa cha maneno yetu leo ni hiki: zawadi ya mkubwa siyo haki. Haki haifurahi na haikasiriki. Inaandikwa, inalipwa, na ukinyimwa unaenda kuidai mbele ya tribunali.

Mutu atasema: hii ni shida ya Waafrika wote, ni maskini yetu. Hapana. Tuangalie Marekani. Tarehe 14 Januari 1964, kule Boston, wachezaji bora wa basketi wa NBA walibaki ndani ya chumba cha kuvalia. Mechi yao kubwa ya mwaka ilikuwa inangojewa na televisheni. Wakasema: hatutoki mpaka mutuahidi pensheni. Wenye timu wakawatisha, lakini walikuwa pamoja na walikuwa na syndicat. Mkuu wa ligi akaahidi, wakatoka kucheza. Leo mchezaji wa NBA aliyecheza misimu mitatu tu ana haki ya pensheni. Miaka kumi kisha, Leopards walijaribu jambo lile lile kule Ujerumani. Hawakuwa na syndicat, na nyuma yao alikuwa Mobutu. Ile ndiyo tofauti. Siyo rangi ya ngozi, siyo akili.

Na matunda ya ile tofauti tuliyaona hapa kwetu. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alicheza NBA miaka kumi na minane. Mama yake alikufa mwaka 1997 wakati wa machafuko, hakuweza kufikishwa hospitali. Mutombo akajenga hospitali yenye vitanda 300 kule Kinshasa, akaipa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Kati ya dola milioni 29 za kuijenga, milioni 15 zilitoka mu mfuko wake. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024 na nchi yote ililia. Mchezaji aliyelindwa anaweza kulinda wengine. Ndaye angefanya nini kama angelindwa? Hatutajua.

Kwa majirani zetu pia kuna masomo. Filbert Bayi wa Tanzania alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, mwaka ule ule wa Ndaye. Alikuwa askari mwenye mshahara, akapata pia nafasi ya kusoma Marekani. Alipoacha mbio akaanzisha shule na mke wake, watoto wanasoma pale. Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa mu polisi. Kisha mbio, kule Eldoret akalima, akalea mayatima, akajenga shule. Hawa wawili hawakuwa malaika kuliko Mwepu. Walikuwa na kazi wakati wanakimbia, na ile kazi iliwangojea walipochoka.

Uganda inatuonyesha upande mwingine. John Akii-Bua alichukua medali ya dhahabu Munich mwaka 1972, mita 400 za kuruka viunzi, kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Mwaka 1979 vita ilimfanya mukimbizi Kenya. Alipokufa Kampala mwaka 1997, akiwa na miaka 47 tu, Leta ikamfanyia maziko ya heshima kubwa. Leta zetu zinajua sana kuzika. Sanduku nzuri, hotuba nzuri, bendera juu. Lakini maziko hayamlipishi mgonjwa dawa alizokosa.

Tunajua kuna mtu hapa Runingu atauliza: vita iko mlangoni, watu wanalala mu porini, bei ya unga inapanda kila juma, na nyinyi munaleta maneno ya mpira? Swali ni la haki na tunalijibu. Leta iliyomtupa Ndaye ndiyo hiyo hiyo inayomtupa mwalimu aliyefundisha miaka arobaini na anakufa akingoja pensheni. Ndiyo inayomtupa askari aliyekatwa mguu, anaomba sadaka kando ya barabara. Ndiyo inayowaacha mama walionguliwa manyumba yao na vita bila hata andiko la kusema walipoteza nini. Mpira unatusaidia kuona wazi, juu wachezaji walionekana na dunia nzima na bado walisahauliwa. Kama yule aliyefunga magoli 9 alisahauliwa, wewe mulimaji wa Runingu, nani atakukumbuka?

Na musituambie pesa hakuna. Mwaka 2025 serikali yetu ilifanya mikataba na timu za Ulaya, AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona, ili jina la Kongo liandikwe kwa nguo zao na viwanja vyao. Kwa Barcelona peke yake, wanahabari waliandika zaidi ya milioni 40 za euro kwa miaka ine. Pesa ya kuvalisha Wahispania iko. Ya mzee aliyevaa nguo ya Zaire mwaka 1974 ndiyo haipatikane.

Hapa kwetu shida haikungojea Kombe la Dunia. Kila jioni munaona vijana wanacheza kwenye viwanja vya kando ya barabara ya Uvira. Wako wenye kipaji kweli. Moja anavunjika goti, hakuna asiransi, timu inamchangia pesa ya bandeji, kisha basi. Kesho yake ni kupanda moto kutafuta wateja, au kushuka ziwani kusaidia wavuvi wa ndagala. Sisi wenye diploma za chuo kikuu hatuwezi kuwacheka, juu tumekaa nao kwenye benchi moja. Wao walitumia miguu, sisi tulitumia kalamu, na wote tunangoja mkubwa atukumbuke.

Kwa hiyo sisi hatutaki kungoja. Tunadai haya:

1. Wizara ya Michezo pamoja na FECOFA watangaze hadharani liste ya wachezaji wote wa zamani wa timu za taifa walio hai, wanaume na wanawake, wa michezo yote, na hali ya kila moja. Huwezi kumsaidia mtu ambaye hujui kama yuko hai. Burkina Faso ilitufundisha.

2. Kila timu inayocheza mashindano ya taifa iwaandike wachezaji wake wenye mkataba kwa CNSS. Sheria 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 iliweka usalama wa jamii kwa wafanyakazi. Mtu anayesaini mkataba, anayeamka kwa saa na kulipwa kwa mwezi, ni mfanyakazi. Mpira siyo kisingizio.

3. Mikataba yote ya serikali na timu za Ulaya iwekwe wazi, ukurasa kwa ukurasa, na kabla ya senti ingine kutoka, kuwe na mfuko wa wachezaji wa zamani unaochungwa na wao wenyewe.

4. Hapa kwetu, timu na viongozi wa mpira wa Uvira waweke asiransi ya kuumia, hata ndogo. Na kocha asimtoe mtoto mu shule kwa ajili ya mashindano.

5. Wachezaji wenyewe wajiunge. Mwaka 1964 kule Boston hakuna aliyeokolewa na huruma. Waliokolewa juu walikaa pamoja mu chumba kimoja na mlango ukafungwa.

Na sisi raia pia tuko na kazi, haiombi bajeti. Mu kila kijiji cha bonde hii kuna mzee aliyecheza zamani: mpira, basketi, mbio, ngumi. Vijana wa mvuto wetu wataanza kupita nyumba kwa nyumba, hapa Runingu kwanza, kuandika majina yao, timu zao, miaka yao, na wanaishi namna gani sasa. Kama uko na baba, mama, mjomba au jirani wa namna ile, tuite, tutakuja na daftari. Yale majina tutayapeleka kwa ofisi ya teritware, na tutaomba accusé de réception. Wakikataa kuipokea, tutaandika pia siku na saa waliyokataa.

Safari hii tunataka kuwaheshimu wangali wazima.