Bustani ya Kambini Nayo Ikabidhiwe

Askari anapohamishwa kutoka kambi moja kwenda nyingine, haondoki kimya kimya. Huhesabu vitanda, vioo vya madirisha na funguo, akatia sahihi yake, na anayeingia akatia yake. Lakini iko mali moja isiyoandikwa katika daftari la makabidhiano, nayo ni udongo wa bustani iliyo nyuma ya nyumba. Sisi tunaona kwamba upungufu huo si mdogo, na kwamba wakati umefika wa kuurekebisha.

Tunasema hivyo kwa ajili ya ugonjwa wa kuvimba mizizi, adui wa kabichi, sukuma wiki, koliflawa, figili, haradali na mboga zote za ukoo huo. Dalili zake huwadanganya wengi. Mboga hunyauka jua linapokuwa kali, na jioni ikajiinua kana kwamba imepona. Majani hugeuka manjano, na kabichi hukataa kufunga kichwa. Mwenye bustani huongeza maji, au hununua dawa ya wadudu, lakini hiyo ni kazi bure, kwa maana adui hayuko juu. Na aung'oe mmea mmoja, ataona mizizi imevimba ikawa minene kama rungu, haiwezi tena kunyonya maji ipasavyo. Wala asiuchanganye ugonjwa huu na minyoo ya mizizi, ambayo hutia vifundo hata katika nyanya na maharage. Huu hushika ukoo wa kabichi.

Mtaalamu wa Urusi, Mikhail Woronin, ndiye aliyeeleza mwaka 1878 kwamba chanzo chake ni kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho matupu, akakipa jina la Plasmodiophora brassicae. Mzizi uliovimba unapooza, humwaga viini kwa mamilioni. Viini hivyo hulala udongoni vikingoja mzizi mwingine wa ukoo ule ule. Mzizi ukipita karibu, huamka na kuogelea katika maji ya udongo mpaka viufikie. Vingi hufa katika miaka miwili ya mwanzo vikikosa chakula, lakini vinavyosalia huweza kudumu miaka 15 na zaidi. Katika muda huo nyumba moja ya kambini inaweza kupokea familia nyingi, na kila moja ikapanda kwa matumaini na kuvuna hasara. Mmea ukishaambukizwa, hakuna dawa ya kuuponya.

Je, adui huyu husafirije? Hana mbawa wala miguu. Hutumia miguu yetu. Katika jimbo la Alberta, nchini Kanada, ugonjwa huu ulionekana mwaka 2003 katika mashamba ya kanola, zao la mafuta la ukoo wa kabichi. Wataalamu waligundua kwamba mara nyingi huanzia penye lango la shamba, mahali ambapo trekta huangusha tope la shamba lililotangulia. Mwaka 2007 serikali ya jimbo hilo iliutia katika sheria ya kupambana na waharibifu wa mazao. Basi tujiulize: ni nani katika nchi yetu anayebeba tope la mahali pengi kuliko askari? Leo yuko Kabale, mwezi ujao yuko Kapchorwa. Buti zake, jembe lake na miche aliyofungiwa na jirani huenda pamoja naye.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, tope lisafishwe. Buti, jembe na panga visuguliwe na kuoshwa kwa maji kabla ya kutoka katika bustani yenye ugonjwa, na maji hayo yasimwagwe katika bustani nyingine. Pili, miche iatikwe katika kitalu cha udongo safi, na anayenunua aikague mizizi kabla ya kutoa fedha. Tatu, bustani iliyoshikwa ipumzishwe kabichi kwa miaka, ipandwe mahindi, maharage, vitunguu au dodo, na magugu ya jamii ya haradali yang'olewe, maana nayo humlisha adui. Mizizi iliyovimba ichomwe moto. Isitupwe katika mboji wala isilishwe mifugo, kwa kuwa viini hupita tumboni vikatoka vizima katika samadi. Nne, udongo wenye uchachu, ambao adui huupenda, utiwe chokaa ya kilimo majuma kadhaa kabla ya kupanda, mpaka kipimo chake kifike 7.2 hivi, na matuta yainuliwe ili maji yasituame. Chokaa haiui viini vyote, lakini hupunguza nguvu zao.

Hata hivyo, hayo yote yatakuwa maneno matupu kama hatutaongeza ukweli. Yuko anayejua kwamba udongo wake ni mgonjwa, naye huuza miche kwa wenzake au huhama bila kusema neno. Huyo hatofautiani na mlinzi anayeondoka lindoni bila kumwambia mwenzake kwamba uzio umekatwa. Upande wa pili, wakubwa wa kambi nao wanapaswa kuhakikisha kwamba anayeripoti haadhibiwi wala hachekwi. Mahali ambapo msema kweli hudharauliwa, kila mtu atauficha ugonjwa, nao utaenea.

Watakuwapo watakaouliza, kabichi zina uhusiano gani na ulinzi? Sisi tunajibu kwamba mboga hizo ndizo kitoweo cha watoto wa askari na wa polisi mshahara unapokuwa haujafika. Mara nyingi mwenye kuinama na jembe ni mke wa askari, naye ndiye anayelaumiwa mavuno yakikosekana, ilhali kosa lilikuwa udongoni kabla hajafika.

Basi mstari mmoja uongezwe katika daftari la makabidhiano: hali ya bustani, kilichopandwa, na kama mizizi ilionekana kuvimba. Hauhitaji fedha wala amri kutoka juu. Unahitaji kalamu na uaminifu, na vyote viwili askari anavyo.