Kasi Yatoka Udongoni



Siku hizi, vijana wa Kampemba wakikutana baada ya Misa au baada ya mazoezi ya kwaya, habari ya magari ya umeme haikosi kuzuka. Simu hupita mkono kwa mkono. Mmoja ataonyesha Tesla Model S Plaid, yenye nguvu ya farasi zaidi ya 1,000. Wa pili atamjibu kwa Porsche Taycan. Wa tatu atataja Rimac Nevera iliyoundwa Kroatia, ambayo hutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kabla sekunde mbili hazijatimia. Wengi wao hawajapata kuketi ndani ya gari la namna hiyo, lakini tarakimu zake wanazijua kama wajuavyo matokeo ya Mazembe.

Hatuandiki ili kuwakaripia. Kupenda gari zuri si kosa. Udereva ni ufundi: mtu ajuaye kupinda kona bila kulitikisa gari, asikiaye mikononi mwake jinsi tairi linavyoshika lami, anastahili heshima kama seremala anayezijua mbao zake. Tunachopinga ni kitu kingine. Twapinga mapenzi yanayohesabu farasi na sekunde, kisha yakafumba macho mbele ya swali jepesi kuliko yote: nguvu hii imetoka wapi? Na kwa kuwa sehemu kubwa ya jibu iko katika udongo tunaoukanyaga, haitufai sisi wa Lubumbashi kuwa watazamaji tu.

Tuanze na wale walio nayo. Wapenda udereva wa Ulaya na Marekani, walioacha injini ya petroli na kuishi na gari la umeme, husifu mambo yanayofanana. Nguvu huja papo hapo mguu ugusapo kanyagio. Betri nzito imelazwa chini ya sakafu, hivyo gari hushikamana na barabara. Usiku huchomekwa nyumbani, na asubuhi limejaa. Nao hulalamika pia: gari lina uzito wa zaidi ya tani mbili, matairi huisha upesi, na likikimbizwa katika uwanja wa mashindano, betri hupata joto na kuishiwa haraka. Tena wako wanaohuzunishwa na ukimya wake. Walizoea ngurumo ya injini. Sasa husikia upepo na matairi tu.

Malalamiko hayo yalisikiwa. Mwaka 2023 kampuni ya Hyundai ya Korea Kusini ilitoa gari liitwalo Ioniq 5 N. Halina injini ya petroli wala gia za kubadilisha; lakini limewekewa programu inayoiga mlio wa injini na mshtuko wa gia, ili dereva asiikose raha aliyoizoea. Lifikirini jambo hilo. Wapenda udereva walisema wanakosa mlio, na wahandisi wakaketi kuutengeneza mlio usiokuwako. Basi mnunuzi anaweza kudai, na akidai husikilizwa. Kwa nini hatusikii dai lenye nguvu kama hiyo kuhusu shimo ambamo madini ya betri yake yalichimbwa? Ajuaye kila namba ya gari lake asijue mwanzo wake, huyo si mpenda magari. Ni mteja tu.

Betri nyingi za magari ya kasi huundwa kwa nikeli, manganizi na kobalti, kwa maana mchanganyiko huo hubeba nishati nyingi katika uzito mdogo. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ichimbwayo duniani hutoka nchini mwetu, katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga. Gari la umeme huhitaji pia shaba zaidi ya mara mbili ya ile ya gari la petroli. Nayo shaba ndiyo iliyouzaa mji wetu mwaka 1910. Kwa hiyo, kila mara gari lile linaporuka mbele na kumbana dereva kwenye kiti, kuna kipande cha Katanga ndani ya mruko huo.

Kipande hicho kina bei yake. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu, nao wakaanza kuchimba ndani ya nyua zao. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilichapisha ripoti iliyoonyesha watoto wakiokota na kuosha mawe ya kobalti. Mwezi Juni 2019, wachimbaji wa mkono zaidi ya 40 walifukiwa wakafa katika migodi ya Kamoto, karibu na mji huo huo. Hao ni ndugu zetu. Wengine wao walikuwa na umri wenu.

Na kobalti yenyewe haikai kwetu. Husafirishwa ikiwa unga wa hidroksidi, juu ya malori yaelekeayo Kasumbalesa, hata bandari za Dar es Salaam na Durban, kisha Uchina, ambako husafishwa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia. Huko unga hugeuka kemikali safi, kemikali hugeuka seli, seli hugeuka betri, na betri hugeuka gari. Kila ngazi huongeza thamani. Sisi tumeachiwa ngazi ya chini, yenye vumbi.

Wala si mara ya kwanza. Tarehe 29 Aprili 1899, huko Achères karibu na Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy alikuwa mtu wa kwanza kuendesha gari kupita kilomita 100 kwa saa. Gari lake, lililoitwa La Jamais Contente, lilikuwa la umeme. Naam, gari la kasi la umeme lina umri mkubwa kuliko mji wa Lubumbashi. Jenatzy alikuwa mwana wa mtengenezaji wa bidhaa za mpira, na katika miaka hiyo hiyo Kongo ya Leopold II ilikuwa ikikamuliwa mpira kwa mjeledi na bunduki, kwa ajili ya magurudumu ya dunia iliyokuwa ikijifunza kukimbia. Halafu ikaja zamu ya urani: ile ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilitumika katika mabomu ya atomiki ya mwaka 1945. Mpira, urani, kobalti: kila dunia ilipopata nguvu mpya, udongo wetu ulitajwa katika hesabu za wafanyabiashara, na watu wake wakasahauliwa katika historia ya uvumbuzi.

Sasa tuliweke gari hilo hapa Kampemba. Tuseme mmoja wenu amepewa Porsche Taycan. Atalijaza wapi? Gari hilo, likichomekwa kwenye mashine yenye kasi, huweza kupokea kilowati 270. Umeme huo ungetosha kuwasha kwa wakati mmoja taa 27,000 za wati 10 kila moja. Katika komini ambayo umeme hukatika mama akiwa katikati ya kupika, na makala ndiyo tegemeo la jikoni, hesabu hiyo yajieleza yenyewe. Na mvua za Novemba zikianza, gari lililoundwa kulala karibu na lami litavuka vipi mashimo ya barabara zetu?

Lakini msidhani kwamba umeme haukuwahi kuvuka nchi hii. Tangu mwaka 1982, waya mkubwa hutoka Inga hadi Kolwezi, mwendo wa kilomita 1,700 hivi. Uliwekwa kwa ajili ya migodi. Umepita juu ya vijiji vingi bila kuviwashia taa, kwa kuwa umeme wa namna ile haugawanywi njiani kwa urahisi. Hivyo mwanakijiji ameuona umeme ukipita juu ya paa lake kwenda kuchimbua madini, na madini yakaenda kuunda betri, na betri ikaenda kuhifadhi umeme wa mtu mwingine. Aliyebaki gizani ni yeye.

Wapo watakaosema: "Basi, mwatetea petroli." Hatutetei. Gari la umeme, tangu linapoundwa hadi linapochakaa, kwa kawaida huchafua hewa kidogo kuliko la petroli, hata uchimbaji ukihesabiwa. Petroli nayo ina makaburi yake: tuwakumbuke watu wa Ogoni kule Nigeria, na mwandishi Ken Saro-Wiwa aliyenyongwa mwaka 1995 kwa sababu ya kuwatetea. Tunachokataa ni neno "safi" kutumiwa kama sabuni ya dhamiri. Gari lisilotoa moshi mjini Paris si safi bado, ikiwa limeacha mto wenye sumu na mtoto asiyesoma mahali pengine. Usafi wa kweli huhesabiwa tangu shimoni.

Wengine husema: "Tusihofu, hawawezi kuishi bila sisi." Neno hili latutia wasiwasi kuliko lile la kwanza, kwa maana hupendwa sana na vijana, nalo si kweli. Kuna betri za chuma na fosfati zisizo na kobalti wala nikeli. Ni za bei nafuu, nazo zaenea upesi. Zamani ilisemwa kwamba hizo ni za magari ya polepole. Mwezi Septemba 2025, gari la Kichina liitwalo Yangwang U9 Xtreme, lenye betri ya aina hiyo, lilifikia kilomita 496 kwa saa katika uwanja wa majaribio wa Papenburg, Ujerumani. Maana yake nini? Kwamba kasi ya dunia yaanza kujifunza kuishi bila kobalti yetu. Siku soko litakapohama, mashimo hayatahama pamoja nalo. Yatabaki hapa, pamoja na maji yaliyoharibika na mchimbaji asiye na kazi nyingine. Muda tulio nao ni mfupi, nao wapita tukishangilia simu.

Na wa tatu husema: "Hayo ni mambo ya wakubwa." Kweli, serikali ina wajibu wake, nayo imeonyesha kwamba inaweza kutenda: mwezi Februari 2025 ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, na mwezi Oktoba ikaweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Lakini kupunguza unga unaotoka si sawa na kujenga kiwanda. Tena sheria ya madini ya mwaka 2018 imegawa mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni hutoa kwa madini inayouza: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au utawala wa kichifu ambamo madini huchimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo ni akina nani, kama si ninyi na watoto wenu? Je, ni kikundi gani cha vijana kilichowahi kuuliza hadharani fungu hilo limefanya nini? Mali bila daftari huisha bila habari. Wakubwa hupenda sana vijana wajuao farasi wa Plaid wasiojua asilimia za mrabaha.

Alipokuwa Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, Papa Fransisko aliwataka wenye nguvu waondoe mikono yao juu ya Kongo na juu ya Afrika, ambayo si mgodi wa kunyonywa. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini mikono ya wengine ikiondoka, yetu iko wapi? Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Aibu ya methali hiyo isiwe yetu milele. Mwezi Aprili 2022, Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kushirikiana katika utengenezaji wa betri, na mwaka huo huo kituo cha Kiafrika cha utafiti wa betri kilizinduliwa kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mlango ni mwembamba, lakini upo. Hauingiwi kwa kushangaa. Huingiwa kwa kemia, kwa hesabu, na kwa mikono iliyozoea kufungua mashine. Vijana wa Kampemba wanaoamsha tena injini za magari yaliyochakaa Japani, kwa vifaa vichache na akili nyingi, wana mikono hiyo tayari. Kinachohitajika ni shule inayoiheshimu mikono hiyo, na utashi wa kudai shule hiyo.

Kwa hiyo, pendeni magari. Yapendeni kuliko mnavyoyapenda sasa: hata kuyafungua, kuyauliza, kujua kila kilichomo na kila aliyeumia ili kiwemo. Anayependa hivyo hataridhika kutazama gari la mtu mwingine likipita. Atataka nchi yake iweke mkono katika kuliunda, na atataka mikono hiyo iwe safi.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Kati yetu, ni nani awezaye kueleza jinsi betri inavyohifadhi umeme? Kama hayupo, tutamwalika mwalimu gani, na siku gani?

2. Tunajua nini juu ya fedha za mrabaha zinazolifikia jimbo letu? Tutamwuliza nani, kwa barua iliyotiwa sahihi na watu wangapi?

3. Tukimwona rafiki akisifu gari la kasi, tutaongeza neno gani katika mazungumzo yake, bila kumwaibisha na bila kunyamaza?