Pima Kwanza, Ndipo Ununue

Baadhi ya wakulima waletao mboga Nairobi hutengenezewa pikapu kwenye gereji za mjini. Gari likikataa kuwaka baada ya kazi ya umeme, usikubali upesi kununua betri au stata. Kilichoguswa mwisho ndicho kitazamwe kwanza. Betri iliyojaa hupima karibu volti 12.6. Ikiwa imejaa, nawe ukijaribu kuwasha gari taa zinafifia, kaza vichwa vya betri na waya mnene unaoishika chuma cha gari. Injini ikizunguka bila kuwaka, tazama fyuzi. Fundi mwema hupima mbele ya mwenye gari; asiyepima hubahatisha, nayo mboga huoza garini.